Sadaka kwa miungu: uanze na nini, na chakula kikishatolewa kiende wapi

Mkuu umeuliza vitu viwili, kwamba ndo umeanza kuabudu miungu ya Wagiriki wa kale na hujui utoe nini kwa sababu hela ya kuunga unga, unaogopa kidogo chako kitawaudhi, alafu chakula kikishakaa madhabahuni unakifanyaje. Mi nina mwaka wa tisa kwenye njia hii, nakujibu kwa niliyopitia mwenyewe.

Nilipoanza nilikuwa natoa kwa fujo, maziwa, asali, mkate, divai, matunda, kila siku meza nzima, na haikupita hata mwezi nikawa nimechoka kiasi kwamba naanza kuyakwepa madhabahu yangu mwenyewe. Siku moja nimetoka safari ya siku nne, nafungua mlango harufu inanipokea, bakuli la maziwa limegandia ukingoni, juu limefanya utando wenye madoa ya kijani na nzi wawili wamezama humo, na hilo bakuli lilikuwa mbele ya Hestia, mungu wa moto wa nyumbani, yule ambaye kwa Wagiriki alitangulizwa kwenye sadaka kabla ya wengine wote. Nilikaa chini nikalia. Mgeni unayemheshimu humuachii sahani iliyooza mbele yake siku nne. Nikaosha bakuli, nikaomba radhi, na kesho yake nikaanza upya na kikombe kimoja cha maji safi asubuhi. Mpaka leo maji ndo msingi wangu, vingine vinakuja juu yake nikiwa navyo.

Kwa hiyo anza hapo, maji na punje ya ubani. Nawa mikono kwanza, Wagiriki wenyewe walikuwa na maji maalumu ya kujitakasa yanaitwa khernips, unachukua maji safi unazimia humo kijiti au jani kavu linalowaka, unanawa na unajinyunyizia kidogo. Ubani usijaze, kipande cha ukubwa wa nusu punje ya njegere kinatosha chumba kizima, na makaa uyasubiri mpaka yafunikwe na jivu jeupe, ukiharakisha ubani unaungua tu na moshi unakuwa mkali wa kukereketa koo. Fungua dirisha, na kama unafuga ndege mtoe humo ndani kabisa maana mapafu yao hayavumilii moshi.

Hapo juu kuna mdau amesema bila damu hakuna sadaka, na naona ndo amekutia hofu. Sikubaliani naye kabisa. Ni kweli dhabihu ya mnyama ilikuwa kubwa zamani, lakini haikuwa njia pekee, pale Athens mbele ya hekalu la Erechtheion palikuwa na madhabahu ya Zeus Hypatos, yaani Zeus wa juu kabisa, na Pausanias, msafiri na mwandishi Mgiriki aliyeyaona mambo hayo karne ya 2 baada ya Kristo, anasema hapo hawakutoa kitu chochote chenye uhai, waliweka maandazi tu na hata divai hawakutumia. Huyo ni Zeus, mfalme wa miungu, na katikati ya mji mkubwa! Sasa wewe na kikombe chako cha maji unaogopa nini. Wagiriki walikuwa na neno kharis, ni ile fadhila inayokwenda na kurudi kati ya mtu na mungu, kama marafiki wanaopeana vitu miaka nenda rudi mpaka hakuna tena anayehesabu nani anamdai mwenzake. Urafiki wa hivyo haujengwi na karamu moja ya kujionyesha. Kinachoharibu ni ahadi, usije ukamwambia mungu nitakupa hiki na hiki kila mwezi ukiwa na furaha alafu ukashindwa, bora usiahidi, utoe tu siku ukiwa nacho.

Sasa chakula. Hapa watu wengi wanachanganya kwa sababu sadaka za kumimina ziko aina mbili. Sponde unamimina kidogo kwa mungu na kinachobaki unakunywa wewe, mnashiriki. Khoe unamimina yote ardhini, hiyo ni ya wafu na miungu wa chini ya ardhi, na hunywi hata tone. Chakula mi nakifuatisha humo humo. Hata kwenye dhabihu zile za zamani miungu walichomewa mifupa ya mapaja na mafuta, nyama wakala watu, na Misri ya kale chakula kikishakaa mbele ya mungu makuhani walikichukua wakala, kwa hiyo ukila mkate uliomtolea Apollo jioni hiyo hiyo hujamuibia, umekaa naye mezani. Usiuache mpaka ukaota ukungu. Ila kile cha Hekate, mungu wa kike wa njiapanda na uchawi, cha mwisho wa mwezi mwandamo, kinachopelekwa njiapanda, hicho mi sili, naweka naondoka bila kugeuka nyuma.

Na ukitoa nje angalia sana unaacha nini. Zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Asali ya dukani usiimwage wazi, inaweza kuwa na vimelea visivyomdhuru mtu lakini nyuki wakiibeba wakapeleka mzingani mabuu yanakufa. Chumvi inaua mizizi. Kuna mti mmoja nilikuwa naupenda, nikaufunga riboni ya nailoni kwenye tawi kwa ajili ya Artemi, mungu wa kike wa pori na uwindaji, nikaona imependeza, nikaisahau. Baada ya miaka miwili narudi nakuta tawi limenenepa na riboni imezama ndani ya gome, pembeni limevimba kama kidole kilichokazwa pete, na majani ya mbele yamepauka. Nilikaa karibu saa nzima na kisu kidogo naitoa uzi kwa uzi huku namuomba radhi Artemi na mti wenyewe. Kovu lipo mpaka leo, linazunguka tawi lote. Siku hizi nikienda pale nabeba chupa ya maji, namimina taratibu kwenye shina, nasema jina la Artemi, narudi na chupa yangu.