Maswali Yenu: Cheti cha Linux, nianze na kipi?

SWALI: Mambo vipi kaka, mi ni fundi kompyuta hapa Mwanza, Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) naitumia mwaka wa tatu sasa na seva za shule mbili nazisimamia mwenyewe, ila kila nikiomba kazi naulizwa cheti. Jamaa yangu ananiambia fanya LPIC, mwingine anasema achana nayo nenda Red Hat. Halafu kuna mtu ananiuzia PDF ya maswali eti ndo yale yale yanayotoka. Nifanyeje? (Fundi, Mwanza)

JIBU: Mdogo wangu hiyo PDF mwachie mwenyewe. Ukibambwa umedesa matokeo yanafutwa, na usipobambwa siku ya kwanza kazini seva itakuumbua.

Haya, LPIC-1 ndo ngazi ya kwanza ya vyeti vya LPIC, inatolewa na LPI (Linux Professional Institute), hawa walianza 1999 na hawajali unatumia Linux ya nani. Pepa ziko mbili, 101 na 102, kila moja maswali 60 kwa dakika 90, kwa hiyo na hela unalipa mara mbili, wengi wanakuja kushtukia hili katikati ya safari. Maswali mengi ni ya kuchagua ila yapo ya kujaza, unaachiwa kisanduku uandike komandi mwenyewe, ukikosea herufi moja imekula kwako. Na wewe mtu wa Ubuntu hapa ndo nakuonea huruma, apt na dpkg, komandi za kusakinishia programu, unazijua hata ukiamshwa usingizini lakini 101 inauliza na zile za Linux nyingine, rpm, yum mpaka zypper.

RHCSA, cheti cha Red Hat (kampuni yenye Linux yake), ni habari nyingine kabisa. Hakuna a, b, c, unapewa mashine na kazi za kufanya kwa saa 3, upate 210 kati ya 300, intaneti hamna, na kila ulichopanga lazima kiendelee kuwepo mashine ikizimwa na kuwashwa tena. Hapo ndo watu wanalia. Umemaunti diski (umeiunganisha) vizuri, unaiona ipo, kumbe kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine ikiwaka, umekosea herufi moja ya UUID (utambulisho wa diski), ukiributi mashine inakwama njiani inakudai paswedi ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ilinikuta kwenye mashine ya mazoezi usiku wa manane, nikabaki naitolea macho tu kama imenifia mikononi.

Kwa hali yako ningeanza na LPIC-1, notsi zake LPI wenyewe wanazitoa bure. Ila kama matangazo ya kazi unayoyawinda yanataja Red Hat kwa jina basi usizunguke, nenda huko huko. Vyovyote vile weka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta), ndani yake Debian na AlmaLinux (hii inafanana sana na Red Hat na hulipii), halafu ziharibu makusudi, sahau paswedi ya root, jaza diski mpaka igome, kisha urekebishe kwa man peji (maelezo ya komandi yaliyomo humo humo kwenye Linux) bila kugugo. Ukiweza hivyo bila kutoka jasho, kalipie.

SWALI: LPIC-1 nimepata 2022, inakufa lini? (Dada wa Morogoro)

JIBU: Miaka 5 dada, kwa hiyo 2027. Usisubiri ife, kwa sababu LPIC-2 hupewi kama LPIC-1 yako haiko hai, na ukiipata hiyo ya 2 kabla ya hapo na ile ya 1 inahuishwa humo humo bila kurudia pepa.