Nilipoishia 97

Siku moja nilijipa kazi ya kujua kama 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, bila kikokotoo. Nikashika karatasi, nikagawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, nikapanda hivyo hivyo hadi 97, yaani namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100. Kila mara pakabaki kitu. Nikachoka, nikaandika "tasa" na kupiga mstari chini yake. Namba tasa inayofuata baada ya 97 ni 101, na 101 × 9,901 ni 1,000,001.

Nilikoma kabla ya mpaka. Mpaka ni kipeuo cha pili cha namba yenyewe, hapa 1,000 na ushei. Namba tasa zilizo chini ya 1,000 ziko 168. Zikishindwa zote kuigawa, hapo ndipo useme ni tasa.

Ila hata kuzipima zote 168 kungekuwa ni kujitesa bure. Kabla hujagawa, tazama namba imejengwaje. 1,000,001 ni 100³ + 1, na a³ + b³ daima huvunjika kuwa (a + b)(a² − ab + b²). Weka 100 na 1: unapata 101 × (10,000 − 100 + 1). Basi. Karatasi zangu mbili zote zingekuwa mstari mmoja.

Umbo lisipoonekana, ikate tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha utoe na kujumlisha kwa zamu. Mfano, 4,294,967,297: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, hiyo 380 inakujibu kuhusu zote tatu kwa mpigo: haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, basi na ile kubwa haigawanyiki. Ukivijumlisha tu vipande hivyo unapata 1,562, nayo inakupa habari za 3 na 37, maana 999 ni 27 × 37. Zote mbili hapana. Mimi huanza na hili hata kikokotoo kikiwa mkononi, kwa sababu kwenye namba ndefu ni rahisi kubonyeza vibaya usijue.

Namba hiyo sikuiokota tu. Ni 2³² + 1, ambayo mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini ni tasa. (Nilipolijua hilo, aibu yangu ya 97 ilipungua kidogo.) Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Na hapa tena umbo linaokoa jasho: kigawo tasa chochote cha 2³² + 1 lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribu zinaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Unagawa mara tano tu, na ya tano inaingia bila baki.