Nyuso za meza za vinia kwa hoteli na mikahawa: jina la mti liwe la mwisho

Anayeanza kazi ya kuagiza meza za hoteli au mkahawa huwa na swali moja mdomoni: tutumie mti gani, mwaloni, mjozi au mtiki? Liweke swali hilo pembeni kwa muda. Meza ya vinia, yaani ubao uliobandikwa karatasi nyembamba ya mbao, inapoharibika mapema mara chache huponzwa na aina ya mti. Huanza kufa ukingoni, au upande wa chini ambao hakuna aliyeukagua, au kwenye laka, yaani mpako wa kulinda uso, iliyochaguliwa kwa kutazama mng'ao tu. Ndiyo maana mafundi wazoefu huchagua kinyumenyume: huanza na kile kitakachomwagika juu ya meza.

Kabla ya kufungua katalogi, uliza. Vyombo vitafika mezani vikiwa na moto kiasi gani? Kuna pombe kali? Meza zitafutwa kwa sabuni au kwa dawa yenye klorini? Zitasogezwa na kuunganishwa wageni wakiwa wengi? Jua linaingia dirishani na kupiga upande mmoja wa ukumbi? Ukijibiwa kwamba meza itapigwa dawa kali kila mteja anaponyanyuka, au itakaa nje kwenye mvua na jua, mwambie mwenye kazi waziwazi kwamba vinia hapo si mahali pake, umpe laminati ngumu (bamba la karatasi na plastiki iliyoshindiliwa) au kitu kingine kinachohimili maji. Vinia ina uzuri wake, lakini haiwezi kila kazi.

Laka

Laka ya nitroselulosi hupendeza, hukauka upesi na haimsumbui fundi. Tatizo ni kwamba pombe huilainisha, na glasi ya maji baridi iliyoachwa mezani huitia duara jeupe. Kwa meza za kulia na za baa, usishuke chini ya poliurethani ya vijenzi viwili, yaani ile inayochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa. Zipo za maji na zipo za kiyeyushi. Zote hufaa zikichanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji. Fundi anayekadiria kigumishi kwa jicho hupata laka inayoonekana imekauka lakini ndani ingali laini. Zile zinazokaushwa kiwandani kwa taa za urujuanimno ni ngumu zaidi, ila zikikwaruzika sana si rahisi kuzirekebisha pale pale ukumbini.

Mafuta na nta ngumu ni habari nyingine. Hupendeza mkononi, na doa dogo linaweza kurekebishwa bila kugusa meza nzima. Lakini zinadai wafanyakazi watakaozipaka upya mara kwa mara, na kila ukarabati wa msasa unakula vinia ambayo ni nyembamba tayari. Mimi huzikubali pale tu mwenye mkahawa anapotaja kwa jina mtu atakayefanya kazi hiyo.

Ukiambiwa "inastahimili maji", usitosheke. Uliza daraja la laka kwa vipimo vitatu vya Ulaya: EN 12720 kwa vimiminika baridi, EN 12721 kwa joto lenye unyevu na EN 12722 kwa joto kavu. Madaraja yanaanzia 1 hadi 5, na 5 maana yake hakuna badiliko lolote. Uliza pia kimiminika kiliachwa kwa muda gani, kwa sababu daraja la 5 kwa kahawa ya dakika kumi si sawa na daraja la 5 la saa kadhaa.

Kisha jaribu mwenyewe. Taka kipande cha angalau 300 × 300 mm, kilichopakwa na karakana ile ile itakayotengeneza meza, kwa idadi ile ile ya mipako. Lowesha vipande vya pamba bapa kwa kahawa, mvinyo mwekundu, mafuta ya kupikia, pombe kali, na dawa ile ile ya kufutia ambayo ukumbi utatumia. Viweke juu ya kipande, kila kimoja ukifunike kwa glasi ili kisikauke, uviache saa moja. Viondoe, futa, kisha usiseme neno hadi kesho yake. Asubuhi kinyanyue kipande hadi karibu na usawa wa jicho, mwanga wa dirisha ukitokea upande wa pili. Ukitazama kwa juu utadhani kila kitu ni salama. Duara lililopoteza mng'ao huonekana kwa kutazama kimshazari. Pitisha kucha pale palipokuwa na pombe. Ikiacha mfereji, laka imelainika, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayobadilisha hilo. Kwa joto, tandika kitambaa chenye maji, weka juu yake sufuria ndogo bapa ya maji yaliyotoka kuchemka, uiache dakika 20. Weupe unaobaki ni unyevu uliosukumwa ndani ya laka.

Kuhusu mng'ao, ambao hupimwa kwa pembe ya nyuzi 60: laka isiyong'aa kabisa, chini ya 10, hupendeza siku ya ufunguzi, lakini mikono na vitambaa huipigia polishi bila kukusudia na baada ya miezi unaona mabaka yanayong'aa mbele ya kila kiti. Mng'ao wa 20 hadi 30 husitiri zaidi. Mng'ao wa kioo huonyesha kila mkwaruzo, na sijui kwa nini bado watu wanauomba kwa meza za kulia.

Ukingo

Ukingo ndio unaogongwa na viti, ndio unaoshikwa na kila anayekaa, na ndiko maji hutafuta njia ya kuingia. Utepe wa vinia wa 0.5 mm ukingoni ni kwa kabati, si kwa meza ya mkahawa. Pigo moja la mgongo wa kiti linautoboa, MDF (ubao wa ndani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) inabaki wazi, inanyonya maji na kuvimba, na kile kilichovimba hakirudi.

Dai ukingo wa mbao nzima ya mti ule ule, 10 mm au zaidi. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, mbao ya ukingo hugundishwa kwanza, kisha vinia hupita juu yake hadi mwisho. Uso unaonekana kipande kimoja, lakini ncha ya vinia iko pale pale panapogongwa. Tena, ukitaka pembe iwe ya mviringo wa 3 mm, mashine itakata vinia ya 0.6 mm na kufunua mbao ya chini, kwa hiyo rangi zisipolingana utaona mstari kuzunguka meza nzima. Ya pili, vinia hubandikwa kwanza na ukingo huja baadaye, ukiwa sawa na uso. Mstari wa kiungo utaonekana, lakini ncha ya vinia imelindwa na fundi anaweza kuviringisha pembe anavyotaka. Kwa meza za kulia chagua ya pili. Kwa meza ya mkutano ambako viti vina magurudumu na watu hukaa kwa utulivu, ya kwanza inatosha.

Kasoro moja ya njia ya kwanza haionekani siku ya kupokea: mbao ya ukingo ikiwa na unyevu tofauti na ubao wa ndani, itasinyaa baadaye, na mstari wa kiungo utajichora juu ya vinia kana kwamba kuna uzi chini yake.

Geuza meza

Hili wengi hawalifanyi. Geuza uso wa meza utazame chini. Upande huo nao lazima uwe na vinia, yenye unene sawa na ya juu na mwelekeo ule ule wa nyuzi. Inaweza kuwa ya mti wa bei nafuu, mradi tabia yake isiachane sana na ile ya juu. Lazima pia iwe imepakwa laka. Sababu ni rahisi: gundi ya maji ikikauka na vinia ikasinyaa, huuvuta ubao. Kukiwa na mvutano upande mmoja tu, ubao hujikunja kama sahani. Na upande wa chini ukiachwa mkavu bila laka, hunywa unyevu wa ukumbi huku wa juu ukiwa umefungwa, yale yale yanajirudia. Weka rula ndefu iliyonyooka kutoka kona hadi kona. Pengo linalozidi 2 mm kwenye meza ya 1200 mm lina sababu, na sababu hiyo itafutwe kabla ya kulipa.

Kwa ubao wa ndani, MDF hutoa uso laini kuliko zote na haina fundo la kujitokeza juu. Ni nzito: uso wa 700 × 1200 mm wenye unene wa 25 mm una kilo 16 hivi, ukikadiria MDF ya kilo 750 kwa mita ya ujazo. Plaiwudi ya tabaka nyingi ni nyepesi kidogo na hushika skrubu vizuri zaidi, lakini kasoro za tabaka la juu huweza kuonekana kupitia vinia. Chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa, ni nafuu, na hushika skrubu vibaya zaidi ya zote. Usitumie 18 mm kwa meza inayosimama kwenye nguzo moja. Omba ubao wa daraja E1 au chini yake kwa formaldehaidi (hewa inayotoka kwenye gundi ya ubao), hasa kwa vyumba vya kulala wageni visivyo na hewa ya kutosha.

Gundi ya urea kwenye presi ya moto ndiyo ya kawaida na hailainiki kwa joto la sahani. Gundi nyeupe ya PVA hupewa madaraja D1 hadi D4, lakini kumbuka kwamba madaraja hayo hupima maji, hayapimi joto. Gundi ya kubandika papo hapo, ile ya kupaka pande mbili na kusubiri ikauke, usiikubali kwa vinia tupu isiyobandikwa kitu kwa nyuma: hubaki kama mpira, vinia hucheza juu yake na kupasuka, na kiyeyushi cha laka huweza kuipenya na kuinua malengelenge.

Sasa vinia yenyewe

Unene wa kawaida ni 0.5 hadi 0.6 mm, na msasa wa kiwandani hula sehemu yake. Ina maana ukarabati ni mmoja, tena wa mkono mwepesi. Anayemwahidi mteja kwamba meza "itasagwa upya kila miaka miwili" hajui anachouza.

Mkato ndio unaoleta sura. Gogo likikatwa bapa unapata milima na mawimbi. Likikatwa kwa robo unapata mistari iliyonyooka, ambayo ukumbini hutulia zaidi na huficha tofauti kati ya meza na meza. Kuna pia mpangilio wa karatasi za vinia. Zikifunguliwa kama kitabu, karatasi moja huonyesha upande uliobanwa na kisu na inayofuata upande uliolegea wenye nyufa ndogondogo. Mwanga hurudi tofauti na rangi hunyonywa tofauti, kwa hiyo utaona mapande meusi na meupe yakipishana. Kama mbao itatiwa rangi ya giza, afadhali karatasi zote zilalie upande mmoja.

Angalia mwelekeo wa nyuzi kabla ya kusaini mchoro. Meza za watu wawili za 600 × 700 mm huunganishwa kwa upande wa 700 ili kupata 1200 × 700. Nyuzi zikifuata upande wa 600, meza iliyounganishwa inasomeka kama moja. Zikifuata upande wa 700, inaonekana wazi kuwa ni mbili. Agiza zote kutoka gogo moja, pamoja na za akiba mbili au tatu, kwa sababu mwaka ujao gogo hilo halipo.

Mwaloni una tanini, kemikali ya asili ya mbao. Maji yakikutana na chuma juu yake, kwa mfano sufi ya chuma au tako la kopo lenye kutu, doa jeusi lenye ubluu hutokea pale laka ilipochubuka. Mcheri huiva na kuwa mwekundu zaidi kwa mwanga, mjozi hupauka.

Kufunga na kupokea

Tumia nati za chuma zinazozamishwa ndani ya ubao, si skrubu tupu, kama miguu itafunguliwa na kufungwa tena. Ukitumia skrubu, hesabu: uso wa 25 mm, bamba la mguu la 3 mm, skrubu ya 20 mm inaingia 17 na kubakiza 8. Skrubu ya 30 mm itatokea juu.

Usipokee meza kwenye jengo ambalo lipu na zege bado vinatoa unyevu. Zihifadhi zimelala juu ya mihimili iliyo sawa, zisiegemezwe ukutani, na iliyo juu kabisa ifunikwe. Laka ya vijenzi viwili huendelea kukomaa kwa siku kadhaa hata kama haishiki kidole. Ukizifunga kwa nailoni mapema, mikunjo ya nailoni itabaki imechapwa juu yake. Na wiki za kwanza baada ya ufunguzi, waambie wahudumu wahamishe vishikizi vya menyu kila siku, la sivyo chini yake utabaki mraba wa rangi tofauti.