Bajeti imepitishwa, mbona wazabuni hatulipwi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nasambaza steshenari hapa Dodoma, naidai halmashauri moja hela toka mwaka wa fedha uliopita. Nikienda naambiwa bajeti ipo ila hela hamna. Inakuwaje? Na si tunaambiwa siku hizi mfumo wa malipo wa serikali, MUSE, hauruhusu kutumia zaidi ya bajeti?

JIBU: Marahaba. Hawajakudanganya, bajeti ni makadirio tu, madiwani wakiipitisha wametoa ruhusa ya kutumia hela ikipatikana. Mfumo kweli unazuia malipo, ila hauzuii mdomo. Mtu anakupigia "kaka leta katoni 20 za karatasi leo, LPO itafuata" (yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa), wewe unapeleka, kwenye mfumo hakuna kitu, lakini deni limeshazaliwa.

Sasa kwa nini steshenari ndo inaumia? Mishahara ya watumishi wengi inatoka Hazina. Kwenye mapato ya ndani, sheria inataka asilimia 10 iende mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, halafu kuna fungu la miradi ya maendeleo, kwahiyo makusanyo yakishuka kinachobanwa ni matumizi mengineyo, yaani wewe na mwenye gereji.

Watu wanapiga kelele za posho na mashangingi, sawa, zipo, ila kwa maoni yangu ugonjwa mkubwa ni kukadiria mapato kwa kujipa moyo, maana ukiweka makadirio makubwa kila diwani anaona barabara ya kata yake imeingia na kikao kinaisha kwa amani. Hapa mjini tuna mfano mzuri: CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilivunjwa 2017 kazi zake zikaja manispaa, 2018 tukawa jiji, viwanja vikauzwa sana na mapato yakapanda kweli. Lakini kiwanja ukishakiuza hukiuzi tena mwakani! Hela ya namna hiyo ijenge soko au stendi, usiizoeshe kununua mafuta na kulipia vikao, maana viwanja vikipungua vikao havipungui. Matumizi ya kila siku yapimwe kwa leseni, ushuru wa huduma, vitu vinavyorudi kila mwaka, tena kwa kiasi kilichokusanywa mwaka jana, sio kilichotamaniwa. Na madeni ya nyuma yaingie kwenye bajeti kwanza kabla ya kitu kipya chochote.

Kwa upande wako, kama una LPO ya mfumo na delivari (hati ya kupokelea mzigo) iliyosainiwa, mwandikie Mkurugenzi, nakala kwa Mkaguzi wa Ndani, uulize kama deni lako limo kwenye orodha ya wadai ya hesabu zilizofungwa Juni 30. Hizo hesabu ndo zinazoenda kwa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kama deni lako halimo, kwenye vitabu vyao inaonekana hudai kitu. Na kama ulipeleka kwa simu tu, mtafute aliyepokea mzigo akusainie kabla hajahamishwa.