Flashi ya staili haigeuzi aranja kuwa wakstesheni

SWALI: Mwalimu, mimi ni mpiga kinanda wa kanisa hapa Kakamega, na Jumamosi hupiga harusini. Ninatumia aranja, yaani kinanda chenye bendi ya kuambatana, aina ya Yamaha PSR-SX700. Napenda jinsi ngoma, besi na gitaa vya staili, yaani mtindo wa bendi ninaouchagua, vinavyofuata kordi za mkono wangu wa kushoto, lakini ninaporekodi nyumbani natamani kuunda sauti zangu mwenyewe kama mwenye wakstesheni, kinanda cha kutengenezea sauti na nyimbo. Fundi mmoja wa Kisumu ameahidi kuniwekea flashi yenye maelfu ya staili na toni, ambayo anasema itafanya kinanda changu kuwa aranja na wakstesheni kwa pamoja. Je, nimlipe, au niuze kinanda nitafute wakstesheni ya Yamaha MODX?

JIBU: Usimlipe, na kinanda chako usikiuze kwanza. Wapiga vinanda wa kuanzia Nakuru hadi Bungoma huniletea swali hili mara kwa mara, na karibu wote wameshaaminishwa kwamba staili ni sauti. Staili ya kinanda kama chako haina sauti hata moja ndani yake. Ni faili ya maagizo ya MIDI, yaani lugha inayokiambia kinanda noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu gani, ambayo kwa kawaida huandikwa juu ya kordi ya CM7, pamoja na kanuni zinazokiambia kinanda namna ya kuhamisha kila noti unapobonyeza F au A ndogo. Gitaa unalolisikia limo katika kumbukumbu ya kinanda chenyewe, na staili huliita tu kwa namba yake.

Ndiyo maana staili iliyonakiliwa kutoka kinanda kingine mara nyingi huharibika. Chukua staili ya benga iliyoandikwa kwa gitaa la aina ya MegaVoice, ambamo nguvu ya noti haiamui ukubwa wa sauti pekee, bali huchagua pia kama uzi utapigwa wazi, utazibwa kwa kiganja au utatelezwa kwa kidole. Ukiipeleka kwenye kinanda kisicho na sauti hiyo, gitaa la kawaida huyasoma maagizo yaleyale kama noti za sauti kubwa na ndogo tu, na mikwaruzo midogo iliyowekwa kwenye noti za juu kabisa hugeuka kuwa milio ya ajabu katikati ya wimbo. Mteja hudhani kinanda chake kimeharibika, kumbe aliuziwa nakala isiyomfaa.

Wakstesheni ni jambo jingine. MODX, iliyotolewa mwaka 2018, ina injini mbili za kuunda sauti, AWM2 ya sampuli (sauti zilizorekodiwa) na FM-X inayounda sauti kwa opereta nane (mawimbi yanayoathiriana), na unaweza kuingia ndani ya kila sehemu ya sauti ukaibadilisha. Injini hizo zimo katika chipu na programu endeshi, na hakuna flashi inayoweza kuzipandikiza katika PSR-SX700. Kwa upande wake, MODX ina arpejio (mifuatano ya noti inayojipiga) zinazofuata kordi, lakini haina mfumo kamili wa staili wenye utangulizi, vijazo (mapigo mafupi ya kuunganisha sehemu) na mwisho vinavyoitwa kwa kitufe kimoja, na harusini utaukosa siku ya kwanza tu. Watengenezaji wamejaribu kuviunganisha vyote viwili tangu zamani. Korg i3 ya mwaka 1993 ilikuwa na staili na sikwensa, yaani kirekodi cha noti, katika chombo kimoja, na familia ya Korg Pa imeendeleza njia hiyo kwa kumpa mpigaji nafasi pana zaidi ya kuhariri sauti.

Kinanda chako nacho kina mengi ambayo pengine hujayagusa. Kina sikwensa ya chaneli 16, kinakuruhusu kubadilisha kichujio (kinachofanya sauti iwe kali au laini) pamoja na mwanzo na mwisho wa sauti, na kina nafasi ya megabaiti 400 ya sauti za nyongeza. Uko Kakamega, nyumbani kwa isukuti. Rekodi ngoma kubwa, ya kati na ndogo, kila pigo peke yake, katika faili za WAV; kisha utumie programu ya Yamaha Expansion Manager kwenye kompyuta kuzipanga kama seti ya ngoma, uiweke kwenye kinanda, na uandike staili yako katika Style Creator, sehemu ya kinanda ya kuundia staili. Anza na sehemu za mdundo, kwa kuwa hizo hazihamishwi na kordi, na usinyooshe mapigo yote yakae sawasawa kabisa, maana uhai wa isukuti umo katika mapigo yanayowahi au kuchelewa kidogo. Sauti za sinthesaiza ambazo kinanda hakiwezi kuziunda, ziunde katika programu ya kurekodi kupitia kebo ya USB. Kazi hii ni ya majuma kadhaa, lakini matokeo yake yatakuwa yako.

Linalonikera zaidi ni madhara ambayo wauza flashi hawayataji. Katika vinanda vya familia ya PSR-SX, kusakinisha kifurushi cha sauti hufuta sauti zote za nyongeza zilizokuwamo, na kila registresheni (mpangilio wa sauti na staili uliohifadhiwa kwa kitufe) iliyozitegemea hubaki bila sauti yake, jambo ambalo mpigaji huligundua Jumapili asubuhi kwaya ikiwa imesimama. Wengine husakinisha programu endeshi waliyoipata kwa rafiki, katika duka ambalo umeme hupotea bila taarifa, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kinanda kinaweza kukataa kabisa kuwaka.

Kwa hiyo, yeyote anayetaka kuwekewa sauti za nyongeza anakili kwanza registresheni na staili zake kwenye flashi yake mwenyewe, kisha amwulize fundi kama atahitaji faili ya utambulisho inayotolewa na kinanda. Expansion Manager haiwezi kutengeneza kifurushi cha kinanda bila faili hiyo. Fundi asiyeifahamu ana staili za kunakili tu, na nyingi kati ya hizo hupatikana bure.