Kabla ya saluki, watafute kwanza watu wake

Juzi kijana mmoja wa Mbarara kaniandikia: "Dada, nimeona picha za Upepo wako. Nami nataka saluki. Nimpate wapi?" Saluki ni aina ya mbwa mwembamba wa kuwinda, na Upepo ndiye wangu. Nimekaa na ujumbe huo siku mbili, maana mimi nami nilianza na hilo hilo la "wapi", na likaniliza.

Upepo aliletwa kwangu Entebbe akiwa na miezi mitatu na karatasi yenye muhuri. Wiki ile ile simu ya aliyeniuzia ikazimwa. Majirani wakanisema namshindisha njaa kwa kuwa mbavu zinaonekana, nikamjaza posho, yaani ugali, hadi akawa mzito.

Kilichonikata maini ni siku ya kumhasi. Alichomwa thiopentali, dawa ya usingizi ambayo mbwa wengi huamka nayo bila tabu. Aliingia saa tatu asubuhi. Saa mbili usiku bado nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimemfunika leso yangu, masikio yake ya baridi, nahesabu pumzi. Alipofungua jicho moja nililia kwa sauti.

Ndipo nikakiandikia chama cha saluki cha Uingereza, ambacho kipo tangu 1923. Mama mmoja mfugaji akanieleza yote kwa barua moja: saluki ana mafuta machache mwilini na ini lake huiondoa dawa ile polepole, ndiyo maana alichelewa kuamka. Mbavu mbili tatu na mifupa ya nyonga kuonekana ndiyo afya yake. Karatasi yangu, akasema wazi, ni ya bandia. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini hakunitupa. Aliniambia nimpime Upepo begani: sentimita 66, ndani kabisa ya kipimo cha dume.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Waandikieni watu wa chama kabla hamjatoa hata shilingi. Waulizeni habari za baba na mama wa mtoto mnayeuziwa. Daktari naye mwulizeni jina la dawa kabla sindano haijaingia, msione haya. Na nje ya ua msimfungue kamba: huyu huwinda kwa macho, akiona kitu kinakimbia hasikii jina lake tena. Nasema tena, chama kwanza!

Kijana wa Mbarara nimemtumia anwani ya chama, nikamwuliza ua wa kwao una urefu gani. Nasubiri jibu.