Kilwa Kisiwani: angalia mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi

Safari yangu ya kwanza Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini ya Tanzania, niliiendea kwa pupa. Nilitoka Mtwara alfajiri na basi la Dar, nikashuka Nangurukuru, nikapanda Noah hadi Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa. Alasiri hiyo hiyo nikavuka. Nikaona ngome ya Gereza, nikakimbia Msikiti Mkuu, jua likazama kabla sijafika kasri la Husuni Kubwa. Kesho yake nikataka Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Nahodha aliniambia tutoke mapema, mimi nikalala hadi saa mbili. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Njiani maji yakatukimbia, boti ikakaa juu ya mchanga, tukaota jua kama samaki wa kukausha mpaka maji yaliporudi. Songo Mnara sikufika.

Tangu siku hiyo naanza na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: kwenye pwani yetu maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa tena alasiri. Wiki ya katikati ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na unaweza kuvuka karibu wakati wowote. Mwenye siku mbili tatu tu achague maji mafu. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi. Upepo wa kusi nao, Juni na kuendelea, asubuhi huwa shwari lakini mchana utalowa, kwa hiyo simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kibali cha kutembelea magofu kinakatwa Masoko kabla ya kuvuka. Usidhani utakikuta ng'ambo. Mchukue na mwenyeji wa kukuongoza. Bila yeye utaona kuta tu.

Ukishuka, acha Gereza kwanza. Ngome ile Wareno waliianzisha mwaka 1505, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Waomani. Nusu saa inatosha. Nenda Husuni Kubwa asubuhi kabla jua halijawaka, maana ni mwendo wa kutoa jasho. Ni kasri lililojengwa juu ya genge na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, kwa matumbawe na chokaa, lenye birika la pembe nane ambalo hadi leo linatia wivu. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipopita Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani huyo huyo, na anasimulia jinsi fukara mmoja kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa mwilini, naye akazivua akampa. Kaa ukingoni mwa birika, uiangalie bahari ambayo dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji, ilipitia.

Msikiti Mkuu uufanye wa mwisho, mchana, kwa sababu chini ya makuba kuna kivuli. Ukumbi wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11. Upande wa makuba uliongezwa baadaye. Usiongee, sikiliza tu msikiti unavyovuma.

Halafu jamani, pale ni kijijini kwa watu. Dada, beba kanga ya mabegani. Kaka, kaptula iache Masoko. Salimia wazee kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa. Beba noti ndogo ndogo, usimtolee mama wa maandazi elfu kumi asubuhi.

Ukibakiwa na nusu siku, Kilwa Kivinje iko karibu na barabara ya kurudi Nangurukuru: boma la Wajerumani, milango ya kuchongwa, na majumba yanayobomoka huku watu wamekaa barazani wakicheza bao.

Songo Mnara nilifika safari ya pili. Boti haigusi nchi kavu, unashuka kwenye maji na kupita kwenye mikoko, tope likikufika magotini. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba. Mimi nilivaa ndala, na moja bado iko huko huko.